Kutembea msituni bila gari: tafuta basi la kurudi kwanza, njia baadaye

Kiguu na Njia:

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu ni wa sisi tusio na gari, au tulio nalo ila hatupendi kuliacha peke yake kando ya msitu kutwa nzima. Nazungumzia matembezi mepesi: unashuka basi, unaingia msituni, unatembea nusu siku, unatoka, unapanda basi, unalala kwako. Hakuna hema, hakuna kamba, hakuna kufukuzana na vilele.

Wengi huanza na njia. Mtu anaona picha ya maporomoko, anaipenda, ndipo anaanza kuulizia usafiri. Kwa mtu wa basi mambo yaende kinyume. Anza na basi la mwisho la kurudi, maana hilo ndilo linaloamua utembee kilomita ngapi, mapafu yako yanafuata. Msitu uwe mzuri vipi, kama gari linakushusha saa 6 mchana na la mwisho linaondoka saa 8, huo ni wa kupitia tu.

Ratiba isome kama unavyosoma mkataba, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Pale ndipo kinyota kinapokuambia basi la 16:40 ni la siku za shule tu, au kwamba Jumapili yanapita mawili badala ya kumi. Watembezi tunatoka wikiendi na sikukuu, siku zilezile ambazo mabasi ya vijijini hupunguzwa. Ujerumani kuna na mabasi ya kuitwa: yameandikwa kwenye ratiba kama mengine, ila usipopiga simu mapema halitokei gari. Unasimama kituoni, saa inafika, saa inapita.

Kama huko uendako hakuna ratiba na magari yanaondoka yakijaa, ratiba yako ni dereva na kondakta. Usiulize "kuna gari la kurudi?", utajibiwa ndiyo tu. Uliza "la mwisho linapita hapa saa ngapi, na linasimama upande gani?" Jibu utakalopewa, wewe panga kupanda lile linalotangulia. La mwisho liache liwe akiba.

Kuhusu mwendo: mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliacha kanuni inayotumika hadi leo. Saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith alikuwa mpanda milima mwenye miguu ya kazi, na hesabu yake haina kukaa chini, kupiga picha wala kula. Kwa kundi la kawaida mimi huzidisha jibu kwa moja na nusu, kisha naongeza mapumziko. Uswisi wana ustaarabu zaidi: vile vibao vyao vya njano haviandiki kilomita, vinaandika muda, uliokokotolewa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare. Nao pia hawajaweka mapumziko, kwa hiyo usikiamini kibao kama una tabia ya kusimama kila penye ndege.

Halafu kuna jambo ambalo wenye magari hawalipati. Mwenye gari lazima arudi alipoegesha. Wewe unaingia msitu upande huu na kutokea upande wa pili, unapanda basi la barabara nyingine kabisa. Msitu unauvuka wote! Kwangu hiyo peke yake inatosha kufidia kusubiri kituoni.

Karibuni wadau. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze.

---

Mzee wa Fimbo:

Kijana umeandika vizuri, ila hapo kwenye kuvuka upande wa pili naona wengi watachukua basi la kwenda juu kisha wateremke na miguu, wakidhani ndiyo njia nyepesi. Mapafu yatashukuru. Magoti je? Kupanda kunachosha, kuteremka ndiko kunakoumiza. Kila hatua ya kuteremka mguu unapokea mwili wote na kuufungia breki.

---

Kiguu na Njia:

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe, ila bado nateremka. Kinacholeta shida ni mteremko mkali wa ghafla. Ukipata njia inayoshuka mita 300 ndani ya kilomita 6, goti la kawaida halitambui. Ukikuta mita 300 hizohizo ndani ya kilomita 2, hapo tutatafutana.

Mfano mzuri ni Vienna, Austria. Basi la 38A linapanda kutoka Heiligenstadt hadi kilima cha Kahlenberg, na kutoka pale unashuka taratibu kupitia msitu na mashamba ya mizabibu hadi Nussdorf, kwenye mwisho wa tramu ya D. Hiyo ni sehemu ya njia namba 1 ya matembezi ya jiji. Wamezipa njia zao namba kama mabasi, na zinaanzia au kupita karibu na vituo. Kwa mtu anayeanza, mpango kama ule ndio wa kutafuta popote alipo.

Fimbo mbili zinasaidia magoti, hilo jina lako linashuhudia.

---

Mama Mapacha:

Na sisi wenye watoto? Wangu wana miaka mitano. Hizo hesabu za Mskoti haziwahusu hata kidogo, kila jani wanaliokota.

---

Kiguu na Njia:

Dada, kwa watoto tupa kilomita, panga kwa saa. Saa mbili za msituni ni nyingi kwa miaka mitano. Na hapa nabadilisha ushauri wangu wa juu: ukiwa na wadogo usivuke msitu. Chukua njia ya mzunguko inayorudi kituo kilekile, au nenda na urudi njia moja. Ukivuka, mkiwa katikati mtoto akagoma, mbele na nyuma ni sawa, hakuna pa kukimbilia. Ukiwa umeenda na kurudi, unageuza pale uchovu unapoanza.

Tafuta pia misitu iliyotengenezewa njia za mbao. Jozani kule Unguja iko kando ya barabara kuu inayoelekea pwani ya kusini-mashariki, daladala zinapita mlangoni, kuna njia ya mbao ndani ya mikoko, na kima punju wenyewe hawasubiri utembee sana, wapo hata karibu na barabara. Singapore nako hifadhi ya MacRitchie inafikika kwa mabasi ya jiji na sehemu za njia zake ni mbao. Lile daraja lao la kuning'inia juu ya miti lina urefu wa mita 250, ila kulifikia ni mwendo wa kutosha kwa mtoto, na siku nyingine hufungwa. Kwa pacha wa miaka mitano, baki kwenye mbao za kando ya bwawa.

---

Nyayo za Jioni:

Mkuu mimi sipendi ramani za karatasi. Simu inatosha?

---

Kiguu na Njia:

Inatosha kwa njia nyepesi iliyowekwa alama, kwa sharti uiandae ukiwa nyumbani. Pakua ramani ya eneo lote, ifanye kazi bila intaneti. Zile zinazotumia data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, zina vijia vidogo ambavyo ramani za magari hazina. Halafu weka alama kwenye vituo viwili: unaposhukia na utakapopandia. Watu huweka alama kwenye maporomoko wakasahau kituo.

Ukishaingia msituni weka simu katika hali ya ndege. GPS inapokea tu kutoka kwenye setilaiti, haihitaji mtandao, kwa hiyo ramani itaendelea kukuonyesha ulipo. Kinachokula betri kwenye bonde lisilo na mnara ni simu kuutafuta mtandao bila kupumzika.

Chini ya miti minene na kwenye mabonde membamba ile nukta ya buluu huyumba. Mawimbi ya setilaiti yanapunguzwa na majani mabichi na kugongagonga mashina kabla ya kukufikia. Ukiona nukta iko mita 30 nje ya njia ilhali unaona njia chini ya miguu yako, amini miguu.

---

Fundi Saa:

Hapo kwenye betri nakuunga mkono, ila kwa heshima, simu pekee ikianguka kwenye mto umebaki na nini? Mimi hupiga picha kibao cha ramani kilichopo mwanzo wa njia, kisha naandika kwenye kikaratasi: saa za mabasi, jina la kituo, namba ya dharura. Kikaratasi mfukoni, simu mkobani.

---

Kiguu na Njia:

Fundi umenizidi. Wachukue ushauri huo kama ulivyo.

---

Bi Mwezi:

Swali la giza. Jua likizama saa 12 na nusu, nikipanga kutoka msituni saa 12 na robo si bado kuna mwanga?

---

Kiguu na Njia:

Barabarani ndiyo, msituni hapana. Katika msitu mnene wa mvua, mwanga unaofika sakafuni hata mchana wa jua kali ni asilimia 2 hivi, au pungufu. Jua likianza kulala, chini ya miti tayari ni usiku ilhali juu anga bado jeupe. Mizizi ndiyo hupotea kwanza, kabla hujatambua kwamba huoni.

Tena inategemea uko wapi duniani. Karibu na ikweta jua hushuka wima, ukishaliona limezama una dakika ishirini na kitu za mwanga wa kufaa. Kaskazini ya mbali mwezi Juni hushuka kwa mshazari na machweo yanavutika kwa saa kadhaa. Lakini mtu huyohuyo akienda Stockholm Desemba, jua linazama kabla ya saa 9 alasiri, na basi lake la saa 11 atalisubiri gizani.

Kwa hiyo Bi Mwezi, uwe nje ya miti saa nzima kabla ya machweo. Na tochi ya kichwani ibebe hata kama unaingia asubuhi. Kwanza dereva atakuona ukisimama kituo kisicho na taa. Mabasi mengi ya vijijini hayasimami kama hujapunga mkono, na mtu aliyevaa nyeusi kando ya barabara nyeusi hupitwa.

---

Msafiri Mpole:

Mimi ninachoogopa ni mvua. Nimefunga safari, nimeshuka basi, wingu hilo. Narudi au naingia?

---

Kiguu na Njia:

Mvua ya kawaida, ingia. Koti la mvua, soksi za akiba, basi. Msitu wakati wa mvua ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, na kelele zote za barabara zinakufa.

Ila tazama unapokanyaga. Mzizi unaovuka njia ukiwa mkavu ni ngazi. Ukilowa, ule uliochubuliwa gome na viatu vya watu unang'aa kama umepakwa mafuta, hasa unapolala kwa mshazari kuelekea chini ya mteremko. Usiukanyage juu yake. Uvuke, kanyaga udongo nyuma yake. Vivyo hivyo kwa mbao zilizoota ukungu wa kijani: tembea pale zilipopigiliwa misumari au wavu, hatua fupi, mguu wote chini. Na matope yakiwa katikati ya njia, pita katikati ya matope. Kila anayeyakwepa pembeni anaipanua njia na kukanyaga miche.

Radi ni habari nyingine. Hesabu kutoka mwako hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Ikipungua sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, geuza au shuka chini. Usikae chini ya mti mrefu uliojitenga wala pembezoni mwa msitu kwenye uwazi. Afadhali katikati ya miti mifupi inayolingana, mbali na mashina. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Ukitaka uhakika, jengo kamili lililofungwa au ndani ya basi lenye bodi ya chuma.

Upepo mkali? Hapo mimi siingii kabisa, iwe na mvua au bila. Matawi makavu hukaa yamening'inia miezi mingi yakisubiri upepo kama huo. Hata siku tulivu, kabla hujakaa kula, inua macho uone kilicho juu yako.

Nimesahau baridi. Ukipanda hewani, joto hupungua wastani wa nyuzi 0.65 kwa kila mita 100. Mwenye kutembea anauhisi mwinuko kwa miguu. Mwenye basi hausikii. Umekaa dirishani, gari limepanda mita 800, unashuka na fulana yako kumbe huku ni nyuzi tano pungufu.

---

Chui Mtulivu:

Wakuu mnatia chumvi. Basi la mwisho likikuacha unaomba lifti, maisha yanaendelea. Hesabu zote hizi zinaua raha.

---

Kiguu na Njia:

Chui, wewe huenda ni mwanaume mkubwa wa kilo tisini. Hapa kuna dada anayetembea peke yake na mama mwenye pacha. Lifti ya gizani si mpango wa kila mtu. Na mimi nahesabu usiku wa kabla. Siku yenyewe naangalia saa mara chache tu, ndiyo raha yenyewe.

Gari likishakuacha kweli, usirudi msituni "kukata njia". Baki barabarani, nenda penye taa na watu, mpigie yule uliyemwachia mpango wako. Maana mpango uliuacha, sivyo? Jina la njia, kituo cha kutokea, saa ya basi. Ujumbe mmoja tu wa maandishi.

---

Bi Mwezi:

Kaka, na ukipotea ndani?

---

Kiguu na Njia:

Simama. Kaa chini, kunywa maji, tazama ramani. Ulipita wapi mara ya mwisho penye alama ya njia? Rudi huko kama unapakumbuka. Kama hupakumbuki, usiende popote.

Kuna ushauri wa zamani wa kufuata kijito kiteremkacho. Siupendi. Vijito hupenda makorongo na maporomoko, na ndani ya msitu kandokando yake ndiko kwenye vichaka vizito kuliko kote. Mtu aliyetulia sehemu moja hutafutwa kwa urahisi zaidi kuliko anayehama.

Filimbi ni nyepesi kuliko koo. Kwenye milima ya Alpi huko Ulaya ishara ya dharura ni mara sita kwa dakika, kisha dakika moja ya kimya. Marekani Kaskazini ni mara tatu. Popote ulipo, sauti inayorudiwa kwa mpangilio itamshtua anayesikia. Nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Kwingineko itafute kabla ya kupanda basi.

---

Mzee wa Fimbo:

Ongezea kupe. Nchi zenye baridi watu hawawajali mpaka waumwe.

---

Kiguu na Njia:

Asante mzee. Suruali ndani ya soksi, mkiwa kwenye nyasi ndefu. Jikague kabla hujapanda basi na tena nyumbani: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio. Ukimkuta, kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole. Hakuna mafuta, hakuna moto wa kiberiti.

---

Nyayo za Jioni:

Tutajieni na sehemu nyingine basi, mkuu.

---

Kiguu na Njia:

Nitataja chache zinazoonyesha mtindo wa kutafuta, si lazima uende huko.

Hong Kong, basi namba 9 kutoka Shau Kei Wan linakushusha To Tei Wan; unapanda kwenye mgongo wa kilima uitwao Dragon's Back, kisha unaingia kivulini hadi ufuko wa Big Wave Bay, na huko kuna basi dogo la kurudi. Sehemu ya juu iko wazi, jua kali, lakini mpangilio wake wa kushukia huku na kutokea kule ni wa kuigwa. Nairobi, msitu wa Karura, uleule aliopigania Wangari Maathai, una mageti upande wa Limuru Road na upande wa Kiambu Road. Barabara zote mbili zina matatu, kwa hiyo unaweza kuingilia moja na kutokea nyingine. Marekani, kaunti ya King inayozunguka Seattle ilianzisha Trailhead Direct mwaka 2017, mabasi ya msimu yanayopeleka watu moja kwa moja mwanzo wa njia, kwa sababu maegesho ya magari yalikuwa yakifurika hadi barabarani. Uswisi sina haja ya kueleza, yale mabasi ya njano yanafika hadi vijiji ambavyo ungedhani ni mbuzi tu wanaofika.

Sehemu yako ukiitafuta, chukua ramani ya mabasi, angalia kila mstari unaoishia au kupita kando ya eneo la kijani. Ukiona mistari miwili ya mabasi inagusa msitu mmoja pande mbili, na katikati ni kilomita 6 hadi 10, umeshapata matembezi.

---

Fundi Saa:

Na viatu vyenye matope ndani ya basi? Madereva wengine wanakunja uso.

---

Kiguu na Njia:

Wana haki. Beba mfuko wa plastiki na viatu vyepesi, badilisha ukiwa kituoni. Fimbo zikunje na uzibe ncha. Mkoba pajani, usiukalishe kiti cha mtu.

---

Msafiri Mpole:

Nipigie hesabu mkuu, Jumapili tunaenda wanne. Basi linatushusha saa 3:20 asubuhi. Njia kilomita 11, kupanda mita 350 kwa jumla. Upande wa pili kuna basi saa 9:15 alasiri na la mwisho saa 11:00 jioni. Jua linazama saa 12:30.

---

Kiguu na Njia:

Kilomita 11 kwa mwendo wa 5 ni saa 2 na dakika 12. Mita 350 za kupanda ni dakika 35. Jumla saa 2 na dakika 47. Zidisha moja na nusu kwa ajili ya watu wanne wa kawaida: saa 4 na dakika 10. Weka dakika 50 za kula na kukaa. Saa 5 kamili. Mtatoka saa 8:20 mchana, dakika 55 kabla ya basi la 9:15.

Lengo lenu liwe hilo la 9:15. La 11:00 ni akiba, na hata mkilichukua bado mko saa moja na nusu kabla ya machweo. Saa 6:00 mchana mjiulize mko wapi: kama hamjafika kilomita ya 5, geuzeni mrudi mlikoanzia, ila muwe mmeshaiangalia na ratiba ya kule kwa Jumapili. Maji lita 3 kila mmoja yatatosha, ni nusu lita kwa saa na ya kubaki.

Halafu ulizia kituo cha upande wa pili kiko mkono gani wa barabara. Vijijini mara nyingi nguzo iko upande mmoja tu, na linaloelekea mjini linasimama ng'ambo yake pasipo na alama yoyote.